Tulikwenda kuitafuta ndege ya babu

KAMA wewe ni mkazi wa Nairobi na una watoto ambao wakisikia mngurumo angani huacha chakula mezani wakakimbilia nje, basi huna budi kuwatafutia siku moja ya kuwapeleka wakajue jinsi ndege zilivyoanza kuruka katika mji huu. Si lazima uwe na gari, wala si lazima uwe na pesa nyingi. Sisi tulitoka watu wanne, tukapanda matatu na kutembea kwa miguu, na jioni tukarudi nyumbani tukiwa na vumbi viatuni na mambo ya kuzungumza hadi usiku.

Safari yenyewe ilizushwa na baba yangu mzazi. Mzee anakaribia umri wa miaka 80 sasa. Alikuwa fundi wa ndege katika shirika la East African Airways tangu mwaka 1967 hadi shirika lilipokoma mwaka 1977. Baadaye alifanya kazi nyingine nyingi, akauza hata vipuri vya magari, lakini ukimwuliza leo kazi yake ni ipi atakujibu bila kusita: fundi wa ndege. Kidole gumba chake cha kushoto hakina ukucha. Tangu nikiwa mtoto nimesikia kisa cha ukucha huo kwa neno moja tu, "mlango", na akiwa na furaha huongeza, "na haraka zangu mwenyewe."

Mwanangu wa miaka 13 alikuwa amepewa kazi ya likizo aandike habari za kitu cha kale. Dada yake mdogo akapendekeza fuvu la binadamu wa kale kule Makumbusho ya Taifa. Babu akatikisa kichwa.

"Fuvu litaandikwa na darasa zima," akasema. "Wewe mwandikie mwalimu habari za VC10."

"VC10 ni nini, babu?"

Mzee hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi. Nilijua maana ya mtazamo ule, nami sikuwa na la kujibu. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tukaanza safari.

Tulianzia katikati ya jiji, katika Makumbusho ya Reli, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni kuu. Huenda msomaji akashangaa kwamba watu wanaotafuta ndege wanaanzia kwenye magari ya moshi. Wazo lilikuwa la mzee, na lilikuwa na maana yake. Kwake yeye, reli na ndege ni watoto wa mama mmoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967 na kuvunjika mwaka 1977, ilikuwa na mashirika yaliyomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania: reli, bandari, posta na simu, na ndege. Reli walau imeacha kitu ambacho mtoto anaweza kukigusa.

Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1971. Ukiwa na watoto, usikae sana ndani penye picha na vyombo vya mezani. Toka nje penye injini. Hapo lipo dude moja liitwalo Mount Gelai, la aina ya Garratt, lenye uzito upatao tani 250. Injini za aina hii zilikuwa kubwa kuliko injini zote za mvuke zilizopata kutembea duniani kwenye reli yenye upana wa mita moja, na kazi yake ilikuwa kuvuta mizigo kutoka Mombasa kupandisha huku bara. Watoto walipanda wakashika vyuma, wakauliza makaa yalitiwa wapi, wakaambiwa hii ilichoma mafuta. Karibu hapo kuna behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, kule Kima mwaka 1900, akampitisha dirishani. Binti yangu alilipima dirisha kwa mikono yake na kusema kwamba simba huyo lazima alikuwa amekonda.

Baba hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya injini, mikono nyuma, kama mtu aliyekwenda kumjulia hali jirani.

"Hawa wamewekwa," akasema. "Wanapakwa rangi, watoto wanawapanda. Zetu zilikuwa tano, na ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia majina yake." Akayataja pale pale, na kijana akayaandika katika daftari: 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ, 5H-MOG. Kwa faida ya wasomaji wadogo, 5Y ni alama ya ndege zilizosajiliwa Kenya, 5H ni Tanzania na 5X ni Uganda. Kila nchi ilipata zake, lakini zote zilikuwa za shirika moja na zililala Embakasi.

Kutoka mjini tukapanda matatu ya nambari 24, inayokwenda Karen kwa barabara ya Lang'ata. Msongamano wa Jumapili si mbaya. Tukiwa garini mzee alimfundisha mjukuu wake kwa kutumia kitabu cha nyimbo kilichofunguliwa katikati, mfano wa mabawa.

Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na jua likiipasha moto huwa nyepesi zaidi. Ndege hubebwa na hewa inayopita juu na chini ya mabawa yake. Hewa ikiwa nyepesi, yapasa kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, na injini nazo hupungukiwa na nguvu. Ndege nyingi kubwa za wakati huo zilipata taabu mchana katika viwanja kama chetu. VC10, iliyotengenezwa Uingereza, iliundwa kwa ajili ya viwanja vya namna hiyo. Injini zake nne zilifungwa zote mkiani, mbili kila upande, ili mabawa yabaki safi yafanye kazi moja tu ya kuinua. "Bawa likiwa tupu lina nguvu," mzee akasema, akikiinua kitabu cha nyimbo hadi kikagonga dari la matatu. Utingo akamwuliza kama babu ni rubani. "Rubani huendesha," akajibiwa. "Sisi ndio tuliomwambia kama ataendesha leo au hataendesha."

Tulishuka karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Hapa si mahali pa kuzurura ndani, kwa maana ni uwanja unaofanya kazi tangu alfajiri, mojawapo ya viwanja vyenye shughuli nyingi katika eneo hili la Afrika. Lakini kwa mtoto hakuna haja ya kuingia. Ndege ndogo zinapotua hupita chini kabisa juu ya barabara ya Lang'ata, hata ukaona magurudumu yakizunguka. Simama upande wa pili wa barabara, mbali na magari, uwashike watoto mkono.

Uwanja huu una jina la mwanamke. Florence Kerr Wilson alikuwa mjane, mlowezi wa Kizungu, aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929, na rubani wake wa kwanza akawa Tom Campbell Black. Klabu ya marubani, Aero Club of East Africa, ilikuwa imeundwa miaka miwili kabla, mwaka 1927, na bado iko hapo hapo Wilson. Vita vya pili vya dunia vilipoanza mwaka 1939, ndege na marubani wa mama huyu wakachukuliwa na jeshi na shirika likafa. Mwaka 1962 uwanja ukapewa jina lake. Ukitaka jambo la kuwatia moyo wasichana, hapo pia ndipo penye ndege za madaktari wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 ili kufikisha tiba kwa wagonjwa walio mbali na hospitali. Binti yangu aliamua siku hiyo kwamba atakuwa daktari wa angani. Wiki moja kabla alitaka kuwa mtangazaji.

Shirika la baba lilizaliwa baada ya vita hivyo, mwaka 1946, likiwa na ndege sita ndogo za mabawa mawili mawili aina ya Dragon Rapide, na makao yake ya kwanza yakawa Eastleigh. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958. Msomaji anayepita leo na mizigo yake pale Embakasi, upande wa uwanja wa kale, huenda hajui kwamba kazi ya kuchimba na kusawazisha ardhi ilifanywa na wafungwa wa wakati wa Hali ya Hatari, watu waliozuiliwa kwa sababu ya Mau Mau. Mwaka 1960 shirika likapata ndege zake za kwanza za jeti, aina ya Comet. Kisha kuanzia mwaka 1966 zikaja VC10 zenyewe, moja baada ya nyingine, ya mwisho mwaka 1970.

Tulitembea hadi Uhuru Gardens, ambako bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Mwanangu, ambaye hupenda vita kama wavulana wote, alitaka kujua habari za ndege za jeshi. Nilimweleza kwamba Jeshi la Wanahewa la Kenya liliundwa tarehe 1 Juni 1964, likivunjwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, na kwamba lilikaa miaka kadhaa likiitwa kwa jina jingine kabla ya kurudishiwa lake mwaka 1994. Niliona hilo lamtosha kwa siku moja. Siku ile ya mwaka 1982 wengi wa rika langu tunaikumbuka kwa milio ya risasi wala si kwa ndege.

Hapo chini ya mti ndipo kijana alipofungua daftari lake na kuuliza kwa nini babu alipotaja UVA alishusha sauti.

Mzee alichukua muda. Tarehe 18 Aprili 1972, VC10 yenye alama 5X-UVA ilikuwa ikikimbia katika njia ya kurukia mjini Addis Ababa, ikielekea Ulaya. Kulikuwa na jeki iliyoangushwa njiani na ndege nyingine. Gurudumu la mbele liliikanyaga, mpira ukapasuka, rubani akajaribu kusimamisha ndege, ikapita mwisho wa njia na kuwaka moto. Walikuwamo watu 107. Walikufa 43, wanane kati yao wakiwa wafanyakazi wa ndege hiyo.

"Jeki," akarudia mzee. "Kitu ambacho fundi hukishika kila siku." Tangu siku hiyo, akatuambia, hakuondoka kazini bila kuhesabu vifaa vyake mara mbili, na mke wake alizoea kumpakulia chakula kikiwa kimepoa. Mke wake ni mama yangu. Nilikuwa nikidhani baba alichelewa kwa sababu nyingine, kama akina baba wengine wa mtaa.

Tukapanda tena matatu ya nambari 24 hadi Karen, tukateremka penye makumbusho ya Karen Blixen. Nyumba hii ilijengwa mwaka 1912, na mwandishi huyo wa Denmark aliishi humo hadi mwaka 1931, akilima kahawa isiyokubali vyema udongo wa huko. Ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya filamu iliyotangaza jina lake dunia nzima. Bustani ni nzuri, kuna mitambo ya kale ya kahawa, na vilima vya Ngong vinaonekana vizuri hewa ikiwa safi. Familia nyingi huja kupiga picha za harusi za jamaa zao katika mitaa hii, na ni haki yao.

Ndege inaingia hapa kwa njia ya rafiki wa mwandishi huyo, Denys Finch Hatton, mwindaji wa Kiingereza aliyekuwa na ndege ndogo aina ya Gypsy Moth, akitua nayo karibu na nyumba. Aliyeona filamu anamkumbuka. Tarehe 14 Mei 1931 ndege hiyo ilianguka na kuungua muda mfupi baada ya kuruka kutoka Voi. Finch Hatton alizikwa katika vilima vya Ngong, na kaburi lake lina mnara ambao wageni hupelekwa kuuona. Katika ndege hiyo hiyo alikufa pia mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Mimi nimetazama filamu ile mara tatu na nilijua jina la huyu wa pili nikiwa mtu mzima. Nilimwambia mwanangu aliandike nalo daftarini, akaliandika chini ya majina ya ndege.

Ukirudi mjini kwa barabara ya Ngong, matatu nambari 111, utapita uwanja wa mashindano ya farasi. Humo, katika nyumba ndogo, alimalizia maisha yake Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kufundishwa urubani na yule Campbell Black wa Wilson. Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza, akapambana na upepo wa Atlantiki usiku kucha, na baada ya saa zipatazo 21 akaanguka na ndege yake katika kinamasi nchini Kanada, akiwa hai. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari hiyo peke yake kutoka Uingereza kuelekea upande huo. Alifariki mwaka 1986. Nimeishi Nairobi miaka mingi nikipita hapo bila kujua.

Lakini nimekimbilia mbele ya safari. Tungali bustanini Karen, tumeketi kwenye nyasi, tunakula mkate na mayai. Mzee alikuwa amechoka na amevua viatu. Kijana alikuwa na simu yangu ya mkononi, nikidhani anacheza, kumbe anatafuta yale majina matano moja moja.

"Babu, MOG ipo."

"Ipo wapi?"

"Uingereza. Mahali panaitwa Dunsfold."

Akasoma kwa sauti, na mimi baadaye nikayahakikisha niliyoyasikia. Shirika lilipokoma mwaka 1977 na Kenya ikaanzisha Kenya Airways mwaka huo huo, zile VC10 nne zilizosalia zilirudi Uingereza kwa waliozitengeneza. Jeshi la wanahewa la Uingereza likazinunua, likazigeuza ziwe ndege za kubeba mafuta, zinazozijaza ndege nyingine zikiwa angani. Zikapakwa rangi ya kijivu na kupewa nambari mpya. Katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991 ndege za aina hiyo zilikuwa zikiwajaza marubani wa kivita mafuta. 5H-MOG ikawa ZA150. Kati ya VC10 zote 54 zilizopata kutengenezwa duniani, hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kutoka kiwandani. Ilitua Dunsfold mwezi Septemba 2013, na watu wa makumbusho ya Brooklands wakaichukua waitunze.

"Kwa nini iko kwao?" binti yangu akauliza. "Si ilikuwa yetu?"

"Tuligawana," babu yake akasema. "Viti tuligawana, madawati tuligawana, hata vikombe. Ndege huwezi kuikata vipande vitatu."

Sisemi kwamba tungeweza kuiweka hapa. Kuitunza ndege kubwa ni gharama, mvua na jua havina huruma, na miaka ile watu walikuwa na haja ya kazi kuliko haja ya makumbusho. Baba mwenyewe alihitaji kulipa karo yangu. Hata hivyo nilipomwona mwanangu akiishika simu ile kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kumwagika, nilitamani iwe mahali tunapofika kwa matatu.

Mzee akaomba miwani yake. Akaitazama picha kwa muda mrefu. Rangi haikuwa yake, alisema, na mabomba yale mabawani hayakuwapo. Akasema labda waandishi wamekosea, kwamba Waingereza walikuwa na VC10 nyingi zao wenyewe na nambari ni rahisi kuchanganya.

"Hebu ikuze," akamwambia mjukuu wake. "Hapo mbele. Ubavu wa kushoto."

VC10 za East African Airways zilikuwa na kitu ambacho nyingi za wengine hazikuwa nacho: mlango mkubwa wa mizigo, mbele ya bawa la kushoto, unaofunguka kwenda juu. Kupitia mlango huo, jeshi lilipozigeuza, ndipo lilipoingizia matangi ya mafuta. Kijana alikuza picha hadi ikaanza kufifia. Katika rangi ya kijivu kukatokea mstari mwembamba, wa mraba.

Baba yangu akaweka kidole gumba cha kushoto, kile kisicho na ukucha, juu ya kioo cha simu.

"Ni yeye," akasema. "Huu ndio mlango."